Akina Catlow Wawili na Mpira Mmoja

Dominic Catlow, mwana wa Neil Catlow fundi wa kuezeka mapaa, mwana wa Harold Catlow aliyeshika kibendera pembeni mwa viwanja vya Jumapili mpaka magoti yakamkataa, mwana wa Seth Catlow mfumaji wa kiwanda cha pamba cha Thursclough, yule aliyefunga goli kwa mguu uliokwisha kuvunjika na asijue umevunjika mpaka alipokaa kuvua soksi. Hao ndio watu wake. Seth alikuwa baba yangu, Harold alikuwa kaka yangu, na ile soksi mama aliiweka kabatini miaka na miaka. Nimeishika kwa mikono yangu, kwa hiyo asije mtu akaniambia ni hadithi tu.

Neil naye alikuwa na mguu mzuri. Klabu ya Calderhead Rovers ilimchukua akiwa mdogo, ikamlea, na alipotimiza miaka kumi na sita ikamtema. Alirudi nyumbani na begi lake la viatu, wiki ile ile akapanda juu ya paa na mjomba wake, na mimi humtania kwamba hajashuka mpaka leo. Ukitaka kumjua Neil, basi jua hilo. Hasemi sana habari za mpira, lakini akipita karibu na uwanja wa Calderhead kwa gari, hutazama upande wa pili wa barabara.

Kwa hiyo Calderhead hao hao walipomtaka mwanawe akiwa na miaka tisa, nyumba haikushangilia. Julie, mama mtoto, ndiye aliyesema, "Mwacheni aende. Asipoenda atatununia hadi azeeke." Akaenda.

Dom wetu, maana huku kwetu mjukuu wa kaka yako ni wetu hata akiwa na ndevu, naye huniita shangazi kama baba yake, alikuwa beki wa kati. Mrefu, mwenye mabega, na mpole kupita kiasi. Alikuwa akimkwatua mshambuliaji mpaka chini kisha anamwinamia, "Samahani, umeumia?" Makocha walimcheka, lakini mpira wa juu ukija hakuna aliyemshinda. Na jambo moja alilifundishwa mapema kama watoto wote wa huku: mpira ukiwa hewani na unautaka, usipige kelele "Wangu!" Wote ni wenye "wangu", na mwamuzi atapuliza filimbi akidhani unamhadaa mpinzani. Taja jina lako la ukoo. Ukisikia mtoto uwanjani anapaza "Hargreaves!" si kwamba anamwita mtu, anajitaja. Anasema, nipisheni, huu ni wa Hargreaves. Dom alijifunza kupaza "Catlow!", na mimi niliyekuwa nikisimama kwenye mvua na chupa yangu ya chai, kila nilipolisikia jina lile likipanda juu ya vichwa vya watu, nilijiona nimekua inchi mbili.

Akiwa na miaka kumi na minane Calderhead walimpa mkataba wa kulipwa, wa mwaka mmoja. Neil alisoma karatasi zile ndani ya gari lake la kazi akiwa peke yake, na Julie akatukataza kumsogelea mpaka atoke.

Lakini mkataba ni kitu kimoja na kucheza ni kitu kingine. Msimu ulianza, Dom hata benchi hakulisugua. Alikaa jukwaani na koti la klabu kama mtu aliyeambiwa asubiri daktari. Januari wakamtoa kwa mkopo kwenda Saltmere, timu ndogo ya pwani huko Cumberland, ambako upepo hupuliza kutoka baharini mpaka kipa akipiga mpira humrudia mwenyewe. Wakamwambia wazi: "Kacheze. Aprili tutakuja kukutazama. Mei tutaamua kama unabaki au unaondoka." Kila mtu nyumbani kwetu alielewa maana ya neno kuondoka.

Siku ya kwanza, ndani ya basi la timu, wakampandisha juu ya kiti aimbe, kama desturi ya wachezaji kwa kila mgeni. Dom aliimba wimbo wa shule ya Jumapili, ndio pekee aliojua mpaka mwisho. Walimrushia soksi. Kisha nahodha akasimama, jitu la miaka thelathini na sita, pua imevunjika mara nyingi hadi imekata tamaa, akampa mkono.

"Karibu, dogo. Naitwa Gareth. Gareth Catlow."

Dom akadhani anataniwa. "Catlow?"

"Catlow. Kwani umelinunua wewe peke yako?"

Basi zima likacheka. Tulitafuta undugu juu na chini, mimi mwenyewe nilipiga simu kwa watu ambao nilidhani wamekwisha kufa, lakini hatukuupata. Hao ni Catlow wengine kabisa, wa upande wa Kendal, na kwa maoni yangu si wa asili hasa. Lakini jina ni lile lile, herufi kwa herufi, na Gareth naye alikuwa beki wa kati.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa wawili shida yao haikuwa kupigana. Shida yao ilikuwa adabu.

Mechi ya kwanza, kipindi cha pili, matokeo yakiwa sare, mpira mrefu ulikuja ukipanda na upepo, ukaanza kushuka katikati yao. Dom akapaza, "Catlow!" Sekunde ile ile Gareth akapaza, "Catlow!" Kila mmoja akasikia jina lake kutoka kwenye kinywa cha mwenzake. Dom akafikiri, nahodha ananiambia niuchukue, lakini yeye mkubwa, labda anautaka yeye. Gareth akafikiri, kijana ana hamu, tumwachie. Kipa, Ossie Fearon, aliyekuwa amekwisha kutoka golini, akasikia Catlow mara mbili akajua mambo yako salama, akarudi nyuma. Mpira ukadunda chini katikati ya wanaume watatu kama mgeni aliyefika kwenye nyumba ambayo kila mtu anamwambia mwenzake, "Kafungue wewe." Mshambuliaji wa upande wa pili, kibonge mmoja aliyekuwa ameanza kurudi zake, akageuka akausukuma wavuni kwa ugoko.

"Samahani," akasema Dom.

"Hapana, samahani mimi," akasema Gareth.

Mashabiki wa Saltmere, watu wachache wenye sauti kubwa, walipiga kelele: "Endeleeni kuombana msamaha, sisi tunakwenda nyumbani!"

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kocha wao Trevor Bainbridge hakuketi. "Nina mabeki wawili na jina moja, na limenigharimu goli. Mmoja alibadilishe."

Fearon akadakia, "Mimi nikisikia Catlow nifanyeje? Nipige kura?"

"Gareth amekuwa hapa tangu huyu hajaota meno," akasema Trevor. "Kwa hiyo ni wewe, Dominic. Tafuta neno lingine."

Mmoja kutoka kona akasema, "Aite 'Mtoto'! Baba yake yupo, si ndiye huyo Gareth!" Chumba kikavunjika kwa kicheko. Gareth alimwona Dom amekuwa mwekundu mpaka masikioni, akawaambia wanyamaze, lakini neno limeshatoka. Wiki ile ile mashabiki walikuwa wakiimba "Mtoto, Mtoto, muulize baba."

Dom alijaribu. Mechi iliyofuata alijaribu kupaza "Dom!", lakini Fearon akasikia "John", na John wao alikuwa winga wa kushoto. Alijaribu "Mtoto" mara moja tu, na aliponisimulia alisema ni kama kuvua nguo mbele ya watu. Kwa hiyo akafanya kitu kibaya kuliko vyote. Akanyamaza.

Beki wa kati aliyenyamaza ni kama mbwa wa ulinzi aliyenyamaza. Labda ana meno, lakini mwizi hajui na mwenye nyumba hajui. Walifungwa tena kwa mpira wa juu, na baada ya hapo Trevor akamweka benchi. Februari nzima alisugua benchi huko Saltmere, kwenye upepo ule, na Aprili ilikuwa inakuja.

Jumapili moja walikuja kwangu wote watatu, Neil, Julie na Dom. Nilikuwa nimeoka nyama ya ng'ombe, na viazi, na vile vitumbua vyetu vya unga vinavyovimba kwenye oveni ikiwa hakuna mtu atakayefungua mlango wake. Neil alikuwa anakata nyama. Hakumtazama mwanawe, aliiuliza nyama.

"Jina lako nani?"

"Baba, tafadhali."

"Nakuuliza jina lako nani."

"Catlow."

"Basi lipaze. Huyo mzee ndiye abadilishe. Kwa umri wake amebakiza nini?"

"Ni nahodha, baba."

"Mimi walinitema nikiwa na jina langu," Neil akasema. "Wewe unataka kutemwa bila hata jina?"

Julie akamwambia, "Neil, kata nyama."

Hapo nami nikaingia, maana jambo likihusu jina la baba yangu siwezi kukaa kama picha ukutani. Nikamwambia Dom asilitoe hata kidogo. Nikamwambia kwamba timu ya kiwanda ya Thursclough ilikuwa na akina Catlow wanne kwa wakati mmoja, Seth na binamu zake watatu, wote kwenye uwanja mmoja, wote mabeki na viungo, na hakuna aliyekimbia jina lake! Nikapiga meza. Mchuzi ukamwagika.

Dom akaweka uma chini. "Wanne, shangazi?"

"Wanne."

"Na mpira wa juu ukija, walikuwa wanaitaje?"

Nikafungua kinywa, na kinywa kikabaki wazi. Maana nilikuwa nimekwisha kukumbuka, na nilichokumbuka kilikuwa kinanipinga. Zamani zile bondeni kwetu hakuna aliyeita mtu Catlow. Nusu ya mtaa walikuwa Catlow, nusu nyingine walioana nao. Ukienda kwenye lango la kiwanda ukauliza Seth Catlow, watu walidhani umetumwa na polisi. Mtu aliitwa kwa baba yake na babu yake. Baba yangu alikuwa Seth wa Harry wa Tom. Binamu yake alikuwa Walter wa Jim wa Tom. Na uwanjani, kwa kuwa huwezi kuutaja ukoo mzima mpira ukiwa unashuka, walichukua kile kipande cha katikati.

"Waliita 'Wa Harry!'" nikasema, taratibu. "Na 'Wa Jim!' Na hao wengine kwa baba zao."

Julie akaanza kucheka, mkono mdomoni. "Kwa hiyo Dom wetu aite 'Wa Neil!'"

Kisu cha Neil kikasimama. "Msinitie mimi kwenye mambo hayo."

"Mbona?" akauliza Dom.

"Jina langu halijawahi kuitwa kwenye uwanja wa kulipwa, hata siku moja. Nalo likaitwe sasa kwa mzaha, watu wacheke?"

"Si mzaha, baba," Dom akasema. "Ni fupi tu."

Neil akarudi kwenye nyama. Lakini alimwekea Dom kipande cha pembeni, kile kilichokauka vizuri, ambacho kwa kawaida hukila mwenyewe.

Jumanne mazoezini Dom akalijaribu. Mpira ukaja juu, akapaza, "Wa Neil!" Kila mtu akasimama.

"Neil ndiye nani?" Gareth akauliza.

"Baba yangu."

"Yupo hapa?"

"Yuko juu ya paa Thursclough."

"Basi mwite tena, tuone kama anaruka vizuri."

Wakacheka, lakini Fearon hakucheka. Kipa husikiliza kwa tumbo. "Rudia," akamwambia. Dom akarudia, mara nyingi asubuhi ile, na kila mara Fearon alijua abaki, na Gareth alijua asogee nyuma amlinde. Trevor alikuwa pembeni, mikono mfukoni, akasema tu, "Hatimaye."

Nimelifikiria sana jambo hili, maana nina muda wa kufikiri. Kwa nini sauti ilitoka? Si kwamba neno lile lilikuwa na uchawi. Nadhani Dom, mpole kama alivyo, siku zote alikuwa anaona haya kujitangaza. Hata alipopaza Catlow akiwa mdogo, kulikuwa na kaombi kadogo ndani yake, kama mtu anayebisha hodi. Lakini kumtaja baba yake hakukuwa kujitangaza. Mtoto mwenye haya kuomba mkate wake huweza kusimama barabarani na kuulizia mkate wa baba yake, tena kwa sauti.

Aprili ikafika. Mtazamaji wa Calderhead, kocha mmoja aitwaye Simon Aldous, alikuja na koti refu akakaa kwenye kiti kikavu. Sisi tulisimama kwenye ngazi za saruji upande wa mashabiki wa Saltmere, mvua ikija ya ubavu, mimi na blanketi langu, Julie na mwavuli uliogeuka ndani nje, Neil na pai ya nyama na viazi mkononi. Neil hakuwa amesema neno tangu tulipoegesha gari.

Dakika za mwanzo kabisa, mpira ukapanda kwenye ile mvua mpaka tukaupoteza. Ndipo tukasikia kutoka katikati ya uwanja, sauti nene ambayo sikujua kwamba ni yake:

"Wa Neil!"

"Naam?" akasema Neil.

Alisema kwa nguvu, nawaambieni, kama mtu aliyeitwa na tajiri wake. Watu wakageuka. Pai ikamteleza. Na kule chini Dom alikuwa ameruka juu ya wote, akaupiga kwa kichwa mpaka ng'ambo ya mstari wa katikati.

Mzee mmoja wa Saltmere mbele yetu akamtazama Neil juu mpaka chini. "Kumbe ndiye wewe?"

"Ndiye mimi," Neil akasema.

"Una kazi nyingi leo, bwana."

Na kweli alikuwa nayo. Sikuhesabu, lakini lile jina lilizunguka uwanjani mchana kutwa, na kila lilipoitwa Neil alisogea kidogo, kana kwamba anakwenda kuuchukua mwenyewe. Hawakufungwa. Mwisho wa mechi Gareth alimkumbatia Dom, wakawa tope moja.

Ningependa kuwaambia kwamba hayo yalitosha. Mei Calderhead walimwita ofisini, na Aldous alizungumza naye kwa heshima. Alimwambia sauti ameipata, uongozi ameupata, lakini kwa daraja lao miguu bado mizito, na wana mabeki watatu wepesi zaidi. Walimshukuru. Alitoka na begi lake la viatu.

Hakuja nyumbani moja kwa moja. Alikwenda alikokuwa baba yake, kwenye nyumba moja mtaa wa chini, akasimama chini ya ngazi. Neil aliliona begi kabla ya kuuona uso. Haya amenisimulia Neil mwenyewe, na si mtu wa kusimulia.

"Wamesemaje?"

"Wameniacha."

Neil akashika kigae mkononi, hakukiweka wala hakukiachia. "Ngazi ipo," akasema. "Ukitaka kupanda, panda. Kazi ya heshima."

"Najua ni ya heshima, baba. Trevor amenipigia simu. Goti la Gareth limekwisha, hachezi tena. Wananitaka Saltmere. Miaka miwili."

"Daraja la chini vile?"

"Ni mpira wa kulipwa, baba. Na nitacheza kila Jumamosi."

Neil akakiweka kile kigae mahali pake. Kisha akasema, "Shika ngazi vizuri, nishuke," na akashuka mchana wa siku ya kazi, jambo ambalo mteja yule bado analilalamikia.

Dom alicheza kila Jumamosi. Jina la Catlow sasa lilikuwa huru pale Saltmere, na mimi nilimwambia alichukue, si lake? Akainua mabega tu. "Fearon keshazoea, shangazi." Nimelimeza hilo. Mara ya mwisho nilipokwenda kumtazama, nyuma yangu kulikuwa na mtoto mdogo aliyemwuliza mama yake kama yule beki anaitwa Waneil, na mama akasema ndiyo.

Mwaka huu amefikisha ishirini na moja, na kitambaa cha unahodha ni chake. Agosti alimleta kwangu, kwa chakula cha Jumapili, beki mpya, Tobi Adeyinka, kijana wa London aliyeletwa kwa mkopo, mrefu kuliko mlango wangu, na mkimya hata chumvi aliiomba kwa macho. Walikuwa wamekwisha kucheza mechi moja ya kirafiki pamoja na wamefungwa kwa kona. Baada ya kula Dom alipanga vikombe vyangu mezani kama wachezaji, kibakuli cha sukari ndiye kipa.

"Jumamosi kona zote ni zako," akamwambia. "Wewe ndiye utakayeita, si mimi."

"Mimi? Nahodha si wewe?"

"Mimi nina jitu lao la kukaba, siuoni mpira unakotoka. Wewe unauona. Fearon anakusikiliza wewe, na mimi nakusikiliza wewe. Kabla haijapigwa nataka niwe nimekwisha kuisikia sauti yako."

Tobi akakitazama kikombe chake. "Jina langu refu, kaka. Nikimaliza kulitaja wameshafunga."

"Najua."

"Sasa niite nini?"

Dom akamsogezea kibakuli cha sukari. "Hilo kalitafute mwenyewe," akasema. "Una mpaka Jumamosi."